Handaki la Milimau la Fundi Odinamad

Ukimuuliza Fundi Odinamad kwa nini haendi jijini Dushanbe kuishi kwa mwanawe, alikuwa anakujibu kabla hujamaliza kuuliza. "Niende, na milimau nimwachie nani? Nikuachie wewe?" Kisha anakutazama kutoka utosini hadi miguuni, anatikisa kichwa, na anarudi kwenye kazi yake. Mimi nilitazamwa hivyo kuliko mtu yeyote kijijini, kwa kuwa nyumba yetu na yake zimetenganishwa na ukuta mmoja tu wa udongo, na kwa kuwa mdomo wangu hauna kufuli.

Jibu hilo lilimtosha kila mtu. Habari za Fayzullo, mwanawe wa pekee, tulizijua zote: ana kazi ya maana, anakaa ghorofani, chumba cha baba kimekwisha kupakwa rangi, dirisha lake linatazama miti ya bustani ya jiji. Akipiga simu ni kubembeleza tu, baba njoo, baba njoo, na baba hataki kwa ajili ya miti yake. Sisi wengine ambao watoto wetu wako Urusi, na simu zao hukatika kabla salamu hazijaisha, tulimwonea wivu. Nasema wazi, mimi nilimwonea wivu mpaka siku nyingine nikawa simpendi.

Boymat, anayekaa ng'ambo ya mfereji, ndiye aliyemchokoza hadharani. "Huyu bwana ameoa milimau," alikuwa anasema. "Marehemu Hanifamo alikuwa mke mdogo tu, alikuja kumsaidia mkubwa kupika."

"Angalau mimi wake zangu wananukia," Odinamad anamjibu. "Wewe wako mmoja, na ananuka kitunguu."

Watu wanacheka, mke wa Boymat anamrushia Odinamad kandambili, na mambo yanaishia hapo.

Hanifamo mwenyewe ndiye aliyeileta ile milimau. Alipoolewa alikuja na vipandikizi vilivyofungwa kwenye kitambaa kibichi, kutoka kwa baba yake aliyekuwa na handaki upande wa chini wa bonde. Wakati huo Odinamad alikuwa kijana, fundi wa pampu za mfereji wa shamba la pamba, mtu wa kutembea na spana mfukoni hata harusini. Mtoto wa watu wa milimani, wale walioteremshwa na serikali ya zamani waje kulima pamba kwenye joto hili, na milimani kwao hakuna aliyewahi kuona limau mtini. Mkewe akamfundisha. Wakachimba handaki wao wawili, yeye na koleo, Hanifamo na karai, refu kama nyumba na lenye kina cha mtu kusimama na kunyoosha mkono. Wakaliwekea kuta za matofali na ngazi ya udongo upande mmoja. Milimau ikapandwa huko chini, ambako ardhi haisahau joto upesi. Kiangazi handaki linakaa wazi, unaona vilele vya miti vikichungulia tu. Majira ya baridi linafunikwa vioo juu, na juu ya vioo majamvi ya matete, na chini linawashwa jiko la chuma linalokula mabua ya pamba.

Walizaa watoto watatu, akabaki mmoja. Hanifamo alipofariki kwa maradhi ya figo, Odinamad hakulia mbele ya watu. Alishuka na birika lake handakini, na tangu siku hiyo chai yake ya asubuhi na ya jioni aliinywa huko, amekaa kwenye kipago cha chini cha ngazi. Nilikuwa nikipita naona mvuke unatoka, sijui wa chai au wa udongo.

Sasa lazima niseme jinsi tunavyofunika mahandaki, maana bila hilo hamtaelewa kosa liko wapi. Vioo ni vizito na majamvi ni mazito zaidi, mtu mmoja hawezi. Kwa hiyo tunaitana ujima. Wewe ukiniita nami nitakuita, leo kwako kesho kwangu, na mwenye handaki anapika pilau. Usiyeitwa huendi, hata kama unaona jirani anahangaika, kwa sababu kwenda bila kuitwa ni kumwambia mtu kwamba ameshindwa. Na usiye na handaki huitwi, kwa sababu huna cha kurudishiwa; kukuita ni kukufanya kibarua. Hivyo ndivyo ilivyo, na hakuna aliyewahi kukaa akafikiria kama ni sawa.

Kila mwaka majani ya miforosadi yanapoanza kudondoka tunafunika, na kila mwaka karibu na Navruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya baridi inapoisha, tunafunua. Kwa Odinamad tulikuwa tunakwenda mwisho, kwa hiari yetu, kwa sababu ya pilau yake. Tangu mkewe afariki alikuwa anapika mwenyewe na hataki kusaidiwa. Mara ya mwisho Boymat alichota tonge, akaligeuza geuza vidoleni.

"Fundi, huu ni wali au udongo wa kuzibia tanuri?"

"Kula. Ukishiba nitakupa na wa kwenda kuzibia."

Tulikula wote. Karoti zilikuwa mbichi na nyama ilikuwa tamu, na Odinamad alikuwa anazunguka na sahani mkononi, uso umemchangamka, anawalazimisha watu waongeze. Nilidhani ni ukarimu tu. Sikujua kwamba ile ilikuwa siku yake moja katika msimu mzima ya kuwa na watu ndani ya ua wake.

Mwaka ninaouzungumzia baridi ilikuja na hasira. Chila Kubwa, siku zile arobaini ambazo hata mbwa hataki kubweka, ilipita bila theluji, kavu, ya kukata masikio. Umeme ulikuwa wa saa chache. Kila jioni moshi ulipanda kutoka bomba la handaki la Odinamad, nami nikiuona nilijua yuko hai, basi, naendelea na mambo yangu.

Siku kumi hivi baada ya Chila Kubwa kutoka, Sattor, mume wangu, alishikwa na kifua. Alikohoa mpaka mbuzi wakashtuka. Nikasimama kwenye kigoda changu cha kuokea mikate, nikaita juu ya ukuta.

"Kaka Odinamad! Una malimau mtini bado?"

Hilo lilikuwa swali la salamu tu. Alikuwa na kawaida ya kuacha nusu ya malimau mtini hadi Navruz, na mgonjwa yeyote kijijini alipewa bila kuomba mara mbili.

"Yapo," alijibu. Sauti yake ilitoka mbali. "Ngoja nikuletee."

"Usijisumbue, nashuka mwenyewe kuchuma."

"Ngoja hapo hapo!" alisema kwa ukali ambao sikuuzoea. Baada ya muda akatokea upande wake wa ukuta na malimau matatu ndani ya kofia yake. Ndevu hazikuchongwa. Nikamshukuru, akaondoka bila hata kuniuliza Sattor anakohoa kikavu au cha kohozi, yeye aliyependa kujifanya daktari.

Nikakata limau la kwanza juu ya kikombe. Kisu kikaingia kwenye nyama nyeupe, kikaingia tena, ndipo nikaona maji. Limau letu la bondeni lina ganda jembamba, laini, la rangi inayokaribia chungwa, na ukilikata nyumba nzima inajua. Hili lilikuwa la manjano kali, lina matuta, limepakwa nta, na halikunukia chochote.

Sattor alilichungulia kutoka kwenye godoro. "Hili limau limevaa koti," alisema, akakohoa.

Damu ikanipanda. Niliona mambo yote kwa mara moja, na yote nikayaona vibaya. Nikasema: kumbe! Malimau yetu, tuliyoyafunika kwa mikono yetu, anawauzia matajiri mjini, halafu sisi majirani anatununulia haya ya ng'ambo yaliyokaa melini! Ndiyo maana hataki nishuke. Nikajifunga mtandio, Sattor ananiita, "Mama watoto, acha," mimi huyo nimeshatoka.

Lango lake halifungwi. Nilipita uani na lile limau lililokatwa mkononi kama ushahidi wa mahakamani. Nikainua jamvi la mlangoni pa handaki, nikashuka.

Jiko lilikuwa linawaka vizuri. Kulikuwa na joto la kupendeza. Na milimau yote ilikuwa imekufa.

Majani yalikuwa bado mitini, lakini yamejikunja na kuwa ya kahawia, na ukigusa moja linakatika. Malimau yaliyokuwa yameachwa mtini yamelegea, mengine yameanguka na kuoza kwenye mkondo wa maji. Magome yalikuwa yamepasuka kwa urefu. Odinamad alikuwa amekaa kwenye kipago chake cha ngazi, kikombe mkononi, katikati ya ile miti. Hakushtuka kuniona. Alionekana kama mtu aliyekuwa anajua kwamba nitakuja na amechoka kungoja.

Ile hasira yangu sikujua niiweke wapi. Nikalitupa lile limau motoni.

"Lini?" nilimuuliza.

"Siku nne baada ya Chila Kubwa kutoka."

"Jiko lilizimika?"

"Sikuwepo."

Akasogea pembeni kwenye kipago, nikakaa, na akanieleza, huku anaongea na jiko kuliko na mimi. Fayzullo alipiga simu, akasema ana safari ya kikazi mjini Bokhtar, karibu nasi, huenda akapita. Siku yenyewe jua lilikuwa la kuanika nguo. Odinamad akafungua vioo vya katikati saa sita, unyevu utoke, kama tunavyofanya wote mchana wa jua. Chila Ndogo, zile siku ishirini za baridi ya ghafla, ilikuwa imeanza, naye aliijua, lakini anga ilikuwa safi na kichwa chake hakikuwa kwenye anga. Akavaa joho lake la sherehe, akaenda kusimama barabara kuu.

"Barabarani kufanya nini?" nilisema. "Si angekuja nyumbani?"

"Nilihofia asipotee."

"Apotee! Amezaliwa hapa, Kaka!"

"Ndiyo. Lakini pale njia panda wamepabadilisha." Akageuza kikombe mkononi. "Kila gari jeupe nilidhani ndilo. Unasema hili likipita naondoka. Linapita, unaona jingine linakuja kwa mbali, huwezi kuondoka. Mpaka giza likaingia na mguu sikuuhisi. Niliporudi, maji ya ndoo yalikuwa barafu hadi chini. Niliwasha jiko. Niliwasha mabua yote niliyokuwa nayo. Lakini ukishachelewa umechelewa."

"Na Fayzullo?"

"Safari ilibadilika. Alinijulisha kesho yake."

Nilitaka kumtukana Fayzullo, nikajizuia. Badala yake nikamuuliza lile lililokuwa linanisumbua. Kwa nini ajifiche? Miti hufa. Ya Boymat iliungua mwaka wa theluji kubwa, tulimcheka wiki nzima, tukamgawia vipandikizi, yakaisha. Kwa nini awashe moto kila jioni kuipasha joto miti iliyokufa, na kwenda sokoni kujinunulia malimau ya kutugawia?

"Ungenunua hata ya bonde," nilisema. "Yale ya koti hata Sattor ameyajua, na ana homa."

"Wanaouza ya bonde wote wananifahamu," alisema. "Wangeuliza, Fundi, wewe unanunua limau?" Akaingiza bua jikoni. "Moshi ukikosekana, Boymat atakuja kuuliza. Wakijua miti imekufa, wataniambia niende."

"Na si uende? Chumba kipo, mwanao anakulilia."

Aliinama anachochea, uso wake sikuuona.

"Rajabmo, dada yangu," alisema mwishowe. "Nakuomba kitu kimoja. Usiseme mpaka Navruz."

"Na Navruz?"

"Sijui."

Nilimwahidi. Nikarudi nyumbani nimeudhika, nikamwambia Sattor kwamba malimau ni ya kununua kwa sababu Fundi ameishiwa, basi. Moyoni nilisema ni kiburi cha fundi, anaona aibu kuonekana ameacha vioo wazi. Mtu ana chumba chenye rangi mpya anakaa kulinda miti mikavu! Mimi wangeniambia njoo Urusi nilale jikoni, ningekwenda na kandambili zangu. Lakini ahadi ni ahadi. Niliubana mdomo wangu mwezi mzima na zaidi, na aliyenijua anajua ile ilikuwa ibada.

Kila jioni moshi ukapanda. Sasa nilipouona niligeuza uso.

Siku za kufunua zilipofika Odinamad alianza kukwepa. Mara ana mgongo, mara anangoja baridi iishe kabisa. Lakini wengine wote walikuwa wameshafunua, na Boymat si mtu wa kukwepwa. "Unaipika hiyo miti huko chini," alimwambia mbele ya watu wanaotoka msikitini. "Kesho tunakuja. Usipotupikia tutashukuru zaidi."

Walikuja wanaume saba, Sattor akiwamo. Mimi nilikuja na mikate ya moto kwenye kitambaa, na kisingizio kimoja nilichokuwa nimekitunga njiani.

"Leo si siku nzuri," nilisema. "Naona mawingu yanatoka upande wa Afghanistan."

"Rajabmo," alisema Boymat, "hayo si mawingu, ni moshi wa mikate yako."

Wakacheka, wakashika jamvi la kwanza. Odinamad alikuwa amesimama pembeni karibu na sufuria la pilau, mikono imening'inia. Alikuwa amevaa joho lile la sherehe. Hakuwazuia. Wakatoa majamvi, wakatoa kioo cha kwanza na cha pili, jua likaingia ndani, na vicheko vikakatika kimoja kimoja.

Boymat alivua kofia. Alitazama chini, akaibana kofia kifuani, maana ile miti alikuwa ameifunika na kuifunua tangu ujana wake. Lakini yeye huzuni haimkai, lazima aigeuze. Akapiga mikono mapajani.

"Haya! Mke mdogo amekwenda, na mke mkubwa amekwenda. Fundi, sasa huna kisingizio! Uko huru!" Akamgeukia Sattor. "Huyu kesho kutwa yuko ghorofani, anakunywa chai dirishani, amevaa soksi nyeupe."

Na wenzake, kwa wema mtupu, wakalidaka neno hilo. Mmoja akasema ana gari linalokwenda Dushanbe Alhamisi, atampeleka bila nauli. Mwingine akasema ua atautunza yeye, asiwe na wasiwasi. Sattor wangu, Mungu amsamehe, akasema tuchange tumchinjie kondoo wa kumuaga. Kila mmoja alikuwa anampa ruhusa ya kuondoka, na kila neno lilimsogeza nyuma hatua moja, mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. Nilimtazama usoni, na hapo ndipo nilipoelewa. Nikafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu hakikutoka kitu.

Boymat alikuwa ameshatoa simu. "Ngoja nimpe mtoto habari njema. Leo Fayzullo atacheza."

"Boymat," alisema Odinamad. "Rudisha simu mfukoni."

"Aibu ya nini, Fundi? Mwanao—"

"Hajaniita."

"Ndiyo tunampigia, akuite rasmi!"

"Hajawahi kuniita. Hata siku moja." Alikuwa anaongea polepole, kwa sauti ya kawaida, kama anayeeleza pampu imeharibika wapi. "Chumba hakuna. Rangi hakuna. Nimekwenda pale mara mbili, nimelala mara mbili, nikarudi. Mkewe ni mtu mzuri. Yeye ana mambo mengi. Hakuna mtu aliyeniambia njoo. Nilikuwa nasema milimau, kwa sababu mtu lazima aseme kitu."

Chini handakini jani moja liliachia, tukalisikia. Boymat alikuwa na simu mkononi na hakujua la kuifanyia.

"Pilau imeiva," alisema Odinamad. "Kuleni."

Tulikula. Safari hii wali ulikuwa mzuri, na hakuna aliyemwambia.

Jioni ile mwanangu mkubwa alipiga kutoka Urusi. Aliuliza hali, nikasema njema. Nilitaka kumuuliza atarudi lini. Nikamuuliza kama amevaa sweta.

Odinamad alingoja kama shina lolote litachipua. Alingoja mpaka forosadi zikaiva na watoto wakawa na midomo myeusi. Halikuchipua hata moja, baridi ilikuwa imeingia hadi mizizini. Akaikata yote, akazipanga kuni zake vizuri ukutani, na hakuzichoma. Boymat alimletea vipandikizi ndani ya ndoo, akavikataa. "Limau hutaka miaka mitatu," alisema. "Mimi nina miaka mitatu?" Boymat alirudi na ndoo yake, na hakutia utani wowote. Tangu siku ile ya kufunua hakuwa amemtania tena Odinamad, na nadhani hilo lilimuuma Odinamad kuliko mengine. Watu walikuwa wanamsalimia kwa adabu nyingi, wanashusha sauti akipita. Alikuwa amepona aibu ya uongo wake, akapewa huruma badala yake, nayo ni nzito vilevile.

Kisha majani yakaanza tena kudondoka, na ujima ukaanza. Leo kwa Boymat, kesho kwa mwingine. Odinamad hakuitwa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Handaki la kufunika hana, kazi yake tutairudisha vipi? Ndivyo ilivyo. Tulipita mbele ya lango lake na vioo mabegani, tunaongea, na tulipofika hapo tulinyamaza kidogo, kisha tukaendelea. Lango lilikuwa wazi. Alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, spana mkononi, anasikiliza.

Walipokuja kwetu nikamwambia Sattor, "Mwite."

"Nimwite kwa lipi? Nitamlipa nini? Atadhani namfanya kibarua."

Hakuwa amekosea. Tukafunika handaki letu, watu wakala, wakaondoka.

Baridi ya kwanza ya kweli ilishuka wiki mbili baadaye, jioni moja, ghafla, mpaka matope ya uani yakaanza kukwaruza chini ya viatu. Tukawasha jiko la handakini. Nilitoka kuleta mabua, na kwa mazoea nikatazama juu ya ukuta kutafuta ule moshi. Haukuwepo, bila shaka. Lakini Odinamad alikuwepo. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa handaki lake tupu, amevaa joho, anatazama anga, ananyoosha kiganja hewani kupima ubaridi kama alivyofanya miaka yote. Alipopima akageuka kuelekea kwenye ngazi, akakumbuka, akasimama.

Sikuvumilia. Nikapanda kigoda.

"Kaka Odinamad! Njoo! Njoo upesi!"

Alikuja mbio, mzee yule, spana imeshatoka mfukoni. "Nini? Bomba?" Hakungoja jibu, alishuka handakini kwetu. Nikamfuata. Alifungua mlango wa jiko, akachungulia, akagonga bomba kwa spana mahali patatu na kusikiliza. Akapapasa vioo kwa kiganja toka mwanzo hadi mwisho. Akagusa jani la mlimau wetu mmoja, akaliachia. Kisha akanigeukia.

"Jiko halina kasoro."

"Najua."

"Vioo vimekaa vizuri."

"Najua. Sattor amevikagua."

Uso ulimbadilika, akakasirika. "Sasa umeniitia nini? Rajabmo, mimi sina handaki. Siwezi kukurudishia kazi."

"Hakuna kazi."

"Basi nini?"

"Nimekuita tu," nilisema.

Alisimama vilevile, spana mkononi, ananitazama. Kisha akakaa kwenye kipago cha ngazi yetu, akanipa mgongo, na akalia. Hata siku ya Hanifamo sikumwona akilia. Nilikaa karibu na jiko, nikatia bua, nikatia jingine, nami nikawa nalia kimya kimya na nina hasira na kijiji kizima, mimi nikiwa wa kwanza. Sattor alichungulia kutoka juu, akaondoka.

Baadaye Odinamad alijifuta kwa mkono wa joho, akapiga chafya, akaniuliza kama chai ipo.